Meli Nne za Fundi Machibya

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bw. Machibya Ndaki, Fundi Seremala Mkuu wa Kiwanda cha Kuchambua Pamba Lugulya, hapa Bariadi, anastaafu kwa mujibu wa sheria akiwa ametimiza miaka sitini. Aliajiriwa tarehe 2 Julai 1990. Ukipiga hesabu utaona ametutumikia miaka thelathini na mitano kasoro siku mbili, na kwa kuwa yeye ni mtu wa vipimo, ameomba hizo siku mbili zisifichwe.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Specioza Bujiku, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyotoa ni kwamba stoo na karakana ya useremala zinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo lazima namfahamu Fundi kuliko wengine. Nilikubali bila kufikiri. Mwezi wa pili nikamfuata na fomu yenye vipengele kumi na viwili, nikidhani naenda kuhakiki tu. Nilipokaa kuijaza nikagundua kwamba peke yangu ningeweza kujaza vitatu. Nimekuwa upande wa pili wa ukuta ule kwa miaka ishirini na minne.

Haya basi ni yale niliyoyajua na yale niliyoyauliza.

Fundi Machibya alizaliwa Mwamapalala mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe wachache. Baada ya darasa la saba alijifunza useremala katika karakana ya misheni. Alikuja kuomba kazi hapa kwa baiskeli, amefunga randa na misumeno miwili nyuma kama watu wanavyofunga kuku. Alianza kama fundi msaidizi, na mwaka 2001 akawa Fundi Mkuu wa karakana ambayo, kusema kweli, ilikuwa na fundi mmoja.

Kazi zake tunazikalia, tunazipanda na tunalala chini yake. Upepo wa mwaka 1999 ulipong'oa paa la ghala namba tatu, ni yeye aliyelirudisha kabla pamba haijalowa. Ngazi zote za kupandia juu ya robota za pamba ni zake, na hakuna hata moja iliyowahi kumwangusha mtu, isipokuwa Marcelo wa getini, ambaye alikuwa amepanda na chai. Moto ulipozuka kwenye chumba cha nyuzi mwaka 2006, wakati sisi wengine tunakimbia huku na huko kutafuta ndoo, Fundi alibomoa ukuta wa mbao alioujenga mwenyewe ili robota zitolewe kwa nyuma. Kesho yake aliujenga upya na kulalamika kwamba tumempotezea misumari. Na kila mfanyakazi aliyefiwa, jeneza lilitoka kwake, limepigwa randa ndani na nje. Aliulizwa kwa nini anahangaika na upande wa ndani ambao hauonekani. Alijibu kwamba yule anayeuona ndiye mwenye jeneza.

Lakini mkiulizwa Fundi Machibya ni nani, hamtataja ghala namba tatu. Mtataja meli.

Ilianza mwaka 1993, na ilianza kwa kosa. Kiwanda kilipokea vipuri vya mashine kutoka ng'ambo katika makasha ya mbao, na kama kawaida Fundi ndiye aliyeyafungua. Ndani, vipuri vilikuwa vimeviringishiwa karatasi kubwa zenye michoro. Alizihesabu, zikawa tisa. Zilionyesha mti mmoja mrefu, na kutoka kwenye mti ule, mbavu nyingi zimepinda pande mbili. Vipimo vyote vilikuwepo. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua.

Mtu wa Mwamapalala akiona mti mmoja mrefu na mbavu zimepinda kuanzia pale, anaona paa. Fundi naye akaona paa. Akachukua mbao za makasha yaleyale na, jioni baada ya kazi, akalijenga dogo kufuata vipimo, mti mrefu ukiwa juu na mbavu zikishuka, apate kuona ni nyumba ya namna gani hiyo inayoezekwa kwa ustadi kiasi kile. Miezi minane. Alishangaa kwa nini paa limechongoka upande mmoja, akaamua kwamba wenzetu wana upepo mkali. Alikuwa ameshaanza kuliezeka kwa nyasi pale dereva wa lori aitwaye Dastan, mzaliwa wa Tanga aliyekuja kubeba robota, alipoingia karakanani kuomba msumari. Dastan alilitazama, akalizunguka, akalishika kwa mikono miwili na kuligeuza juu chini. Nyasi zikamwagika. Akamwambia Fundi kwamba hiyo ni meli ya matanga, ya milingoti mitatu, ya zama ambazo hakuna injini.

Mtu mwingine angeona aibu akaitia jikoni. Fundi Machibya aliifumua yote. Alisema kama ni meli, basi iwe meli.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wake wa usahihi. Aliandikia majumba ya makumbusho matatu, barua za mkono, akiambatanisha nakala za michoro. Moja lilijibu baada ya miezi kumi na minne. Lilimtumia mchoro wa kamba na matanga na ukurasa wa maelezo, na mwalimu mmoja wa sekondari akamtafsiria. Toka siku hiyo hakuna kipimo alichokubali kukisia. Kila kitu kiligawanywa kwa arobaini na nane. Ubao wa sitaha haukuruhusiwa kuwa mrefu kuliko ambavyo mti wa kweli ungetoa. Maelezo yalisema mbao za meli zile zilipigiliwa kwa vijiti vya mti badala ya chuma, naye akatumia miiba ya mgunga, mmoja mmoja, akiukata na kuupiga msasa. Kamba alizisokota kwa pamba yetu wenyewe. Zile zinazoshikilia milingoti zilitakiwa kuwa nyeusi, akazichemsha kwenye lami, na kwa wiki mbili hakuna aliyekula naye kantini.

Nikiandika hayo ya kantini nakumbuka kwamba baada ya zile wiki mbili pia hakuna aliyerudi kula naye. Tulikuwa tumeshazoea.

Tulimcheka, tusifichane. Huku kwetu mto ukijaa leo, kesho kutwa watoto wanacheza mpira kwenye mchanga wake. Marcelo alimpa jina la Nuhu, na kwa miaka yote hii, kila asubuhi Fundi akipita getini na kusema “Mwangaluka”, Marcelo ameitikia na kuongeza swali: mvua inakuja lini? Utani ule haujawahi kuchacha kwa Marcelo. Wapo waliouchukulia kwa uzito. Katika mwaka mmoja wa ukame, wazee watatu walikuja kutoka Sola waliposikia kuna mtu amefungia chombo cha maji ndani ya nyumba, wakaomba kwa adabu kitolewe nje, maana huenda ndicho kinachoifunga mvua. Fundi hakubishana na wakubwa zake. Aliiweka meli juu ya meza uwanjani. Siku ya tatu ikanyesha, wazee wakarudi na jogoo wa shukrani, na sitaha yote ya meli ikapinda kama chapati. Ilimchukua miezi saba kuirudia. Jogoo tulimla sote.

Sasa nafika kwenye yale ambayo sikuyajua.

Fundi alikuwa na mke, Milembe, ambaye wafanyakazi wa zamani wanamkumbuka akileta chakula karakanani kwenye hotpoti ya bluu. Mimi pia nilimwona akiingia. Sikujua kwamba akishafika alikuwa anakaa. Aligeuza kasha tupu, akalikalia, akashona. Matanga kumi na moja ya meli ile yalishonwa na yeye. Barua ya makumbusho ilieleza kwamba vitambaa vya zama zile vilikuwa vyembamba na tanga moja liliunganishwa kwa vipande vingi, kwa hiyo Milembe alikata marekani vipande vya upana wa kidole, akaviunganisha kwa sindano, mishono ambayo lazima ukisogeze kitambaa karibu na jicho ndipo uione. Misimu mitatu ya mvua ilimalizikia kwenye kazi hiyo.

Alipokuwa akishona, aliuliza. Hii kamba ya nini? Hii ikikatika inakuwaje? Huyu aliyepanda huku juu anashuka na nini? Fundi anasema hakuna kamba ambayo Milembe hakuijua kazi yake. Anasema pia kwamba walikosana mara moja tu juu ya meli. Milembe alitia mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye pembe ya kila tanga. Fundi alimwambia haupo kwenye mchoro, si sahihi. Milembe akamjibu kwa Kisukuma jambo ambalo Fundi amekataa kunirudia, huku anacheka. Mshono ukabaki. Ndilo kosa pekee alilowahi kuliruhusu kwa makusudi.

Milembe alifariki mwaka 2011. Jeneza lake alilitengeneza mumewe, na mimi ndiye niliyemtolea misumari stoo, nikamsainisha.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, kiwanda kilifungua msimu kwa sherehe kubwa. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara wa pamba kutoka Maswa, ambaye sasa ni marehemu. Desturi yetu mnaijua, mgeni haondoki mikono mitupu. Tulikuwa tumemchongeshea kigoda, lakini kikapasuka kikiwa njiani kuletwa, na saa moja kabla ya hotuba uongozi wa wakati ule ukawa unahangaika kuuliza kama hakuna kitu chochote cha kumpa. Kamati, naomba mstari unaofuata usifutwe. Aliyesema kuna meli ya fundi ni mimi. Ufunguo wa akiba wa karakana ulikuwa kwangu. Niliingia, nikaitoa, nikaizungushia karatasi ya zawadi. Fundi hakuwepo, alikuwa na ruhusa ya siku tatu. Ruhusa hiyo nimeitafuta kwenye faili wiki hii. Imeandikwa kwamba anakwenda Mwamapalala kulijengea kaburi la mkewe.

Aliporudi nilimweleza, tena kwa furaha, jinsi meli ilivyoshangiliwa. Aliuliza swali moja, kama mgeni alipendezwa. Nilimwambia alipendezwa sana. Akasema, “Basi, mayu,” kama anavyomwita kila mama, akaingia ndani na kuanza kupiga randa. Nilisikia randa ile kupitia ukutani mpaka saa ya kutoka, nikarudi nyumbani nikiwa na amani kabisa.

Tangu mwaka huo Fundi ametengeneza meli nyingine nne. Mmeziona kwenye rafu, kila moja karibu mita moja, na wengi wenu mmepiga nazo picha. Mmeona pia kwamba hazina matanga. Milingoti mitupu, kamba zinaning'inia. Sisi tulikuwa na maelezo yetu. Marcelo alisema meli zikiwa bandarini huvua nguo. Mimi niliwaambia wageni kwamba Fundi ni mtu wa mbao, mambo ya kitambaa hayawezi. Nilisema hivyo hata mbele yake.

Mwezi wa pili, kwenye fomu yangu, kulikuwa na kipengele cha ubunifu na vipaji. Nikamwomba anitajie jina la kila meli, niandike. Alinitazama kama mtu anayepima ubao.

“Zote ni ile moja, mayu,” alisema. “Ile mliyompa mgeni.”

Hakusema kwa hasira. Nami nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka kumi na mitatu iliyopita, kwa nini basi hazina matanga. Akaniambia habari ya Milembe na kasha na uzi mwekundu, kwa utaratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Akasema kushona anaweza, amejaribu, na mishono yake si mibaya. Tatizo ni ile pembe. Akitia mshono mwekundu yeye, anadanganya. Asipoutia, basi si meli ile. Kwa hiyo kila mara anafika hapo, anaona haiendi, anaiweka rafuni na kuanza nyingine toka kwenye mti mrefu wa chini, labda alikosea mahali. Ana binti, Nyanjige, muuguzi Kigoma, ambaye humpigia kila Jumapili na kumuuliza afya. Hajawahi kumweleza haya. Nilipomuuliza amewahi kumweleza nani, alifikiri kidogo, akasema hakuna aliyeuliza.

Ninaandika wasifu wa kuagana na natakiwa kuchangamka, nami nimejitahidi. Lakini nitasema wazi. Mtu huyu alikuwa mpweke, na sisi tulikuwepo. Alikuwa mpweke saa nne ya chai na saa saba ya chakula, katikati ya watu mia moja na arobaini wanaomsalimia kwa utani. Nililia siku ile nilipotoka karakanani, nikajifungia stoo, na nina hakika alinisikia, maana ukuta ule haufichi kitu.

Mwezi wa tatu nilikwenda Maswa. Haikuwa vigumu kumpata mjane wa yule mgeni rasmi. Anaitwa Mama Lukresia, anaishi karibu na soko, na alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Meli aliikumbuka. Ilikaa juu ya kabati miaka mitano. Mwaka 2017, wakati wa kuhama nyumba, ilianguka kutoka kwenye gari. Wajukuu wakachezea vipande mpaka vikaisha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hivyo, lakini kujiandaa hakukunisaidia. Nikasimama kuaga.

Hapo Mama Lukresia akaniambia nisubiri. Akaenda jikoni, akarudi na kitambaa kidogo, ukubwa wa kiganja, ambacho anafunikia kikombe cha maziwa. Alisema alikiokota siku ile barabarani, akaona ni aibu kukitupa. “Aliyekishona hakuwa na haraka,” alisema. Nilikisogeza karibu na jicho. Vipande vya upana wa kidole. Kwenye pembe, mshono mmoja mwekundu, umefifia kidogo kwa kufuliwa.

Kumi hayapo, Fundi, nayo hatutayapata. Lipo hili moja, na lina doa la maziwa ambalo Mama Lukresia anaomba radhi kwalo. Mimi sijui ni tanga lipi kati ya kumi na moja. Nafahamu kwamba wewe utalijua kwa kulitazama tu.

Ndugu wafanyakazi, wasifu huu unasomwa Ijumaa ya tarehe 27, mbele ya mstaafu mwenyewe, na mpaka mstari huu hakuwa anajua. Zawadi za kiwanda zitatolewa kama ilivyo kwenye ratiba: mabati, godoro na ndama jike. Kabla ya hapo nitasogea mbele na bahasha. Nawaomba mkae. Msipige vigelegele, msipige picha, na wewe Marcelo, leo usiulize mvua. Mwacheni alitazame kwa muda anaoutaka. Siku ya Jumanne lori la kiwanda litampeleka Mwamapalala pamoja na meli zote nne, na dereva ameshaambiwa kwamba ni mwendo wa ng'ombe.

Bw. Machibya Ndaki, kwa miaka thelathini na mitano kasoro siku mbili, Lugulya inakushukuru: kwa paa, kwa ngazi, kwa ukuta ulioubomoa, kwa majeneza uliyoyalainisha ndani. Kwa meli hatukuwahi kukushukuru, na moja tuliigawa. Tusamehe. Nisamehe mimi. Tunakuombea maisha mema huko nyumbani, afya, mvua ya kutosha pamba, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Jumapili ya tarehe 6 Julai nitapanda gari la asubuhi kuja Mwamapalala. Sileti fomu. Niwekee kasha tupu nilikalie, nami nitaanza na kamba ya kwanza, ile ya mbele kabisa, nikuulize ni ya nini.